Faraja na Mauti katika Fasihi ya Kiswahili: Usomaji wa Tungo Nne

Utangulizi

Waswahili husema kifo cha wengi harusi. Aghalabu methali hii hufafanuliwa kwa haraka, kana kwamba inadai kuwa msiba ukiwapata watu wengi hugeuka furaha. Maana yake ni ya ndani zaidi. Inadokeza kwamba uchungu ukigawanywa hubebeka, na kwamba anayekufa pamoja na wenzake, au anayefiwa katikati ya wenzake, hayuko peke yake mbele ya jambo ambalo kwa hulka yake humtenga mtu na watu. Ndiyo maana jamii za Afrika Mashariki zimejiwekea taratibu za kuwakusanya watu panapotokea mauti: makiwa yanayotolewa mlangoni, matanga, khitima, nyimbo za mbolezi, mchango wa unga na kuni. Hata hivyo, taratibu hizo zina muda wake. Matanga huvunjwa, mikeka hukunjwa, sufuria zilizoazimwa hurudishwa kwa wenyewe, na wageni huaga. Huzuni haiondoki pamoja na wageni.

Hapa ndipo panapozuka swali linalochunguzwa na makala haya. Je, utungo unaohusu kufa na kufiwa unaweza kumpa msomaji faraja baada ya matanga kuvunjwa? Na kama unaweza, faraja hiyo inatokana na nini: imani inayohubiriwa na mtunzi, uzuri wa lugha yake, au jambo jingine lililomo katika muundo wa utungo wenyewe?

Swali hili halijashughulikiwa vya kutosha katika uhakiki wa Kiswahili. Tungo za kale zinazohusu mauti zimezoeleka kuwekwa katika fungu la mawaidha ya kidini, na mhakiki akatosheka kuorodhesha mafunzo yaliyomo. Riwaya za kisasa zinazohusu mauti nazo zimewekwa katika fungu la ukataji tamaa, na mhakiki akatosheka kumlaumu au kumtetea mwandishi kwa mtazamo wake wa maisha. Katika mafungu yote mawili aliyesahauliwa ni msomaji aliyefiwa, au msomaji anayejua kwamba yeye mwenyewe anaumwa na hatapona. Makala haya yanakusudia kumrudisha msomaji huyo katikati ya mjadala kwa kuzichunguza tungo nne: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, Utendi wa Mwana Kupona (1858), shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe Amina, na Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi.

Dhana ya faraja

Neno faraja lina asili ya Kiarabu, na kiini cha maana yake ni kufunguka kwa kitu kilichobana. Dhiki inapoachia, hiyo ndiyo faraja. Ni vyema kuitofautisha dhana hii na ile ya kuliwaza. Mtoto analiwazwa ili asahau kinachomliza. Aghalabu anapewa kitu kingine cha kutazama. Anayefarijiwa hasahaulishwi. Kinachomliza kingali mbele yake, ila nafsi yake imepata nafasi ya kuvuta pumzi. Kitabu kinachomwondolea mfiwa fikra za mauti, kama vile hadithi ya kuchekesha, kinamliwaza. Kitabu kinachoyazungumzia mauti yenyewe hakina njia hiyo ya mkato. Kama kitafaa, sharti kifariji.

Katika nadharia ya Aristotle, tanzia humsafisha mtazamaji kwa kuziamsha ndani yake hisia za huruma na woga. Nadharia hii ina manufaa, lakini inamhusu mtazamaji aliyeketi mbali na jukwaa, anayeona mtu mwingine akianguka. Mfiwa si mtazamaji. Huruma na woga anavyo tayari kabla hajakifungua kitabu; hahitaji kuamshiwa.

Mchango ulio karibu zaidi na mazingira ya Afrika Mashariki ni wa John Mbiti katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kufafanua dhana ya wakati, na akaeleza kwamba marehemu hubaki katika upeo wa sasa maadamu yuko mtu hai aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Anapofariki mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huyo huzama katika zamani. Maelezo haya yalilenga jamii ambazo kumbukumbu yake ilihifadhiwa vinywani mwa watu. Maandishi yanaleta hesabu nyingine, kwa kuwa yanamwezesha mtu aliyezaliwa karne nzima baadaye kulitamka jina la marehemu ambaye hakupata kumwona. Haifai, bila shaka, kuichukua nadharia hii ili kuifasiri imani ya watunzi Waislamu wa Pate na Siyu, ambao kwao hali ya marehemu imo mikononi mwa Mola na si katika kumbukumbu za walio hai. Inafaa tu kuuliza kupitia kwake ni kitu gani anachokifanya msomaji anapoyataja majina yaliyomo katika tungo zao.

Al-Inkishafi: majina yanayoulizwa

Al-Inkishafi ilitungwa Pate, katika kipindi ambacho fahari ya mji huo ilikuwa imekwisha au inakwisha, kuelekea mwanzo wa karne ya 19. Wasomi wengi waliifahamu kupitia toleo la William Hichens la 1939, na baadaye kupitia toleo la James de Vere Allen la 1977. Dhamira yake inajulikana: dunia ni hadaa, utajiri hauna dawamu, nafsi na izinduke kabla ya siku ya hesabu. Mtunzi huifananisha dunia na mazigazi yanayomhadaa mwenye kiu, na maisha na taa inayowaka penye upepo. Huyachora majumba ya Pate yalivyokuwa na yalivyogeuka: madaka ya ukutani yaliyopangwa vyombo vya kauri sasa yamelaza makinda ya ndege, na popo na bundi wamerithi vyumba vya mabwana. Mwishowe huitaja Jahanamu kwa majina yake.

Kwa mtazamo wa juu juu, huu si utungo wa kumpa mfiwa. Unatisha kuliko unavyotuliza. Hata hivyo mambo mawili yanaulazimisha uhakiki kufikiri upya.

La kwanza ni mhusika anayesemeshwa. Mtunzi hamwelekezei msomaji mawaidha yake. Anauambia moyo wake mwenyewe. Moyo huo ndio unaokemewa, unaobembelezwa, unaoulizwa maswali na kuombwa ujibu. Msomaji anayasikia mazungumzo hayo kwa pembeni, kama mtu aliyepita karibu na dirisha. Tofauti hii ni kubwa katika hali ya msiba. Mhubiri anayemwambia mfiwa kwamba dunia haina thamani anaweza kumjeruhi, kwa kuwa anasema akiwa nje ya msiba. Anayejiambia mwenyewe maneno hayohayo hamjeruhi mtu. Mfiwa yu huru kuketi naye au kwenda zake.

La pili ni majina. Baada ya kuyaeleza majumba, mtunzi anauliza waliko watu. Hauulizi kwa jumla tu waliko matajiri au mabwana. Huwataja masharifu na wakubwa wa Pate mmoja mmoja. Miongoni mwa wanaotajwa yumo Ali bin Nasir, jina lilelile linalofuata jina la mtunzi. Wahakiki wengi wamelipita jina hili wakielekea kwenye funzo. Lakini anayesoma huku akiwa na wafu wake moyoni hawezi kulipita. Linamwonyesha kwamba swali la waliko halikuulizwa na mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia, bali na mtu ambaye jina la baba limo katika orodha ya wasiokuwepo. Mawaidha yote ya utungo huu yamejengwa juu ya kufiwa. Magofu ya Pate si jazanda ya ubatili wa dunia peke yake. Ni nyumba ambazo mtunzi aliwajua wenyewe.

Fani nayo inachangia. Kila ubeti una mishororo minne yenye mizani kumi. Mitatu ya mwanzo ina kina chake, ambacho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, ilhali mshororo wa mwisho hurejea kwenye kina kimoja kinachoushika utungo mzima. Kwa hiyo msikilizaji hupelekwa mbali na kurudishwa, tena na tena. Yanayosimuliwa ni mabomoko, lakini usimulizi wenyewe haubomoki. Hapana budi kusisitiza kwamba mtunzi hakuahidi kuwa ushairi utayashinda mauti. Dai hilo lingekuwa kinyume cha imani yake. Ila sikio linapata kitu ambacho macho yamekikosa, nacho ni jambo linalorudi.

Ni haki kukiri mpaka wa usomaji huu. Sehemu ya mwisho, inayohusu adhabu, haiwezi kusemwa kuwa inamfariji aliyefiwa jana. Inamhusu aliye hai na anayetaka kujirekebisha. Al-Inkishafi inafaa zaidi kwa huzuni iliyokomaa, ile ambayo imekwisha kulia na sasa inataka kuelewa.

Mwana Kupona: wasia kutoka kitandani

Iwapo Al-Inkishafi ni utungo wa aliyefiwa, Utendi wa Mwana Kupona ni utungo wa anayekufa. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka wa 1858, miaka miwili hivi baada ya kifo cha mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, na anaeleza kwamba maradhi yake yalikuwa yametimiza mwaka. Alifariki mnamo mwaka wa 1860. Anayesemeshwa ni binti yake, Mwana Hashima, aliyekuwa bado kijana.

Historia ya uhakiki wa utendi huu ina somo. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka wa 1934, jalada la toleo lao liliutaja kuwa ni wasia juu ya wajibu wa mke. Tangu hapo mjadala umefuata njia iliyochorwa na jalada hilo. Waliousifu waliusifu kwa kufundisha adabu za unyumba. Waliouhakiki kwa mtazamo wa ufeministi, na hoja zao zina uzito, wameushutumu kwa kumfunga mwanamke katika utiifu kwa mume hadi kwenye mlango wa pepo. Pande hizi mbili zinapingana juu ya ubora wa mafunzo, lakini zinakubaliana juu ya jambo moja: kwamba utendi huu ni orodha ya mafunzo. Katika makubaliano hayo kitanda cha mgonjwa kimetolewa chumbani.

Kikirudishwa, utendi unabadilika. Unaanza kwa mama kumwita mwanawe aje karibu, aketi, alete wino na karatasi. Kabla ya funzo lolote kuna mwito wa ukaribu. Kisha mama anasema anampa mwanawe hirizi ya kufunga kwa uzi, na kwamba anamtungia kidani cha lulu na marijani. Taswira hizi si pambo tupu. Hirizi na kidani ni vitu vinavyovaliwa mwilini, vinavyogusa shingo pale ambapo mkono wa mama ulizoea kugusa. Mgonjwa ambaye mkono wake hautakuwepo anatafuta kitu kitakachobaki mahali pake, na alichonacho ni maneno. Kwa sababu hiyo maelekezo madogo madogo ya utendi, kuhusu usafi, mavazi, kauli na jinsi ya kumkanda mume anapolala, yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Yakisomwa kama sheria, yanabana. Yakisomwa kama sauti ya mtu anayejitahidi kuukusanya ujuzi wake wote wa maisha kabla muda haujamwishia, yanaeleza hali ambayo kila aliyemuuguza mzazi anaitambua: mzazi anayetoa maagizo kuhusu funguo, deni la dukani na ng’ombe wa kukamuliwa, kwa kuwa hawezi kulisema waziwazi lile linaloelemea moyo.

Kadhalika, utendi una kifo cha pili ndani yake. Mwana Kupona anasimulia ndoa yake na baba yake Hashima, jinsi walivyoishi bila ugomvi, na jinsi mume huyo alipofikwa na faradhi alivyomkariria radhi zake. Anaongeza kwamba tangu siku hiyo hajanyamaza kilio kila akumbukapo mazoea yao. Hapa mwalimu wa adabu anaonekana alivyo, mjane asiyeacha kulia. Kipande hiki hakipunguzi uzito wa shutuma za kifeministi, kwani uwezo wa mume kutoa au kunyima radhi unabaki ulivyokuwa. Kinachofanya ni kuonyesha kwamba radhi hizo, kwa anayezisimulia, zilikuwa pia maneno ya kuagana. Aliagwa vizuri, na sasa yeye naye anajifunza kuaga.

Baada ya wasia, utendi unageuka dua: kwa ajili ya mtunzi na maradhi yake, kwa wanawe, kwa ndugu na jamaa. Anayeomba kuondolewa maradhi hajaacha kutumaini kupona, na jina lake lenyewe linabeba tumaini hilo. Wasia na dua vinakaa pamoja bila kupingana. Huu ni ukweli wa kitabibu na wa kibinadamu ambao vitabu vingi vya mawaidha huukosa: mtu anaweza kujiandaa kufa na kutamani kuishi katika saa moja.

Faraja inayotokana na utendi huu basi ni ya aina gani? Haielekezwi kwa wafiwa peke yao. Kwanza inamfikia mgonjwa mwenyewe. Ugonjwa wa mwaka mzima humwondolea mtu kazi zake zote moja baada ya nyingine, hadi abaki mtu wa kufanyiwa. Utendi unamrejeshea Mwana Kupona kazi. Anakuwa tena mtu anayetoa. Na kwa msomaji aliyefiwa bila kuagwa, aliyempoteza mzazi barabarani au katika chumba cha wagonjwa mahututi asichoruhusiwa kuingia, utendi unampa muagano wa kuazima. Mama wa Hashima anasema maneno ambayo mama wa msomaji hakupata wasaa wa kuyasema.

Amina: fundo lisilofunguka

Katika wasifu wake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini (1966), Shaaban Robert anaeleza kifo cha mkewe Amina na kuliweka hapo shairi alilomtungia. Nathari ya wasifu huo ni ya mtu mwenye staha. Haivui nguo mbele ya wageni. Shairi ndilo linalobeba kilio. Mgawanyo huu wa kazi baina ya nathari na ushairi unastahili kuzingatiwa, kwa maana unaonyesha kwamba mwandishi aliiona bahari ya shairi, yenye urari wa vina na mizani, kuwa ndicho chombo kinachoweza kubeba mzigo ambao sentensi za kawaida zingeuangusha.

Msemeshwa wa shairi hili ni marehemu mwenyewe. Amina anaitwa kwa jina, anaambiwa kwamba amejitenga, anafananishwa na ua lililofumba baada ya kuchanua. Mume anamweleza dua alizomwombea apone na jinsi zilivyopokewa kwa namna nyingine. Anakiri kwamba majonzi yake hayasemeki, na wakati uo huo anayasema kwa vina vilivyotimia. Anakataa kusadiki kwamba mauti ndiyo mwisho. Na kila ubeti unafungwa kwa kipokeo kimoja, kinachosema kwamba mapenzi waliyoyafunga wawili hao hayana mtu wa kuyafungua.

Kipokeo hiki ndicho moyo wa shairi. Imekwisha elezwa kwamba faraja kwa asili yake ni kufunguka. Mshairi anatafuta faraja kwa njia inayoelekea kuwa kinyume, yaani kwa kushikilia kitu kisichofunguka. Watu wanaokuja kutoa pole mara nyingi humshauri mfiwa aachilie, asahau, aendelee na maisha, aoe tena. Shaaban Robert, ambaye kwa kweli alioa tena, hakatai kuendelea na maisha. Anachokataa ni wazo kwamba kuendelea kunadai kulifungua fundo la zamani. Dhiki inaweza kufunguka huku fundo likibaki. Kila kipokeo kinaporudi, shairi linalikaza fundo hilo kwa sauti, na katika kulikaza ndimo mume anamopata pumzi. Fani na maudhui haziachani hapa hata kidogo: kipokeo kinafanya kile kinachokisema.

Mtu anaweza kutoa hoja kwamba shairi hili linategemea kabisa imani ya mwandishi katika maisha ya baadaye, na kwamba msomaji asiye na imani hiyo hana anachopata. Hoja hii ina ukweli kwa kiasi. Bila ya tumaini la kukutana tena, baadhi ya beti zingekosa mhimili. Lakini kitendo cha msingi cha shairi, cha kumwita marehemu kwa nafsi ya pili, hakihitaji imani maalum. Mfiwa wa dini yoyote, na asiye na dini, amewahi kujikuta akisema na mtu ambaye hayupo. Aghalabu huona haya na kunyamaza. Shairi linamwondolea haya hiyo. Linamwonyesha kwamba mwandishi mkubwa wa lugha yake alifanya vivyo hivyo, akakiandika, akakichapisha.

Kichwamaji: penye upungufu wa mwito

Kichwamaji ni utungo wa aina nyingine kabisa. Kazimoto, kijana msomi wa Chuo Kikuu, anazungukwa na vifo. Umbu lake Rukia, aliyeharibiwa maisha na Manase, anafariki. Mama yao naye anafariki. Kazimoto anaoa, mtoto anazaliwa akiwa na kasoro inayorithisha dhambi na maradhi ya wazazi, na mwishowe Kazimoto anajiua. Mwandishi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka wa 1944 na kufariki mwaka wa 2020, amehusishwa na falsafa ya udhanaishi, na riwaya hii imetolewa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba anawakatisha wasomaji tamaa.

Je, mfiwa apewe kitabu hiki? Jibu la haraka ni hapana, na kwa baadhi ya wafiwa jibu hilo ndilo sahihi. Mtu aliye ukingoni hahitaji kusukumwa, na uhakiki wa fasihi haupaswi kujifanya haujui hilo. Lakini yako majonzi ambayo maneno mema huyazidisha. Mzazi aliyemzika mtoto akiambiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, anaweza kuhisi kwamba kinywa chake kimezibwa. Kazimoto anauliza maswali ambayo mzazi huyo amekatazwa kuyauliza: kwa nini mateso, kwa nini asiye na hatia, kuna tofauti gani baina ya maisha yenye maana na maisha yasiyo nayo. Riwaya haimpi majibu, ila inamfungua kinywa. Kwa maana ya asili ya neno, hiyo nayo ni faraja ya kiasi.

Hata hivyo, Kichwamaji ikiwekwa kando ya tungo tatu zilizotangulia, jambo moja linajitokeza ambalo halionekani inaposomwa peke yake. Sayyid Abdallah anausemesha moyo wake. Mwana Kupona anamsemesha binti yake. Shaaban Robert anamsemesha mkewe. Kila mmoja wao ana mtu wa kumwambia wewe. Kazimoto hana. Anafikiri, anabishana, anachambua, na akili yake ni kali. Riwaya imejaa hoja zake. Mwito haumo. Hakuna saa ambayo anamwambia mtu aje karibu na aketi. Kwa hiyo tofauti baina ya riwaya hii na tungo hizo haiko katika imani na kutoamini pekee, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Iko pia katika sarufi. Nafsi ya pili imepotea, na pamoja nayo imepotea nafasi ambamo faraja ingeingilia.

Usomaji huu unampunguzia Kezilahabi lawama ya kukatisha tamaa. Riwaya yake haithibitishi kwamba maisha hayana maana. Inaonyesha, kwa uaminifu mkali, linalompata mtu anayeitafuta maana hiyo akiwa peke yake. Msomaji anapokifunga kitabu anabaki na hisia kwamba angetamani kumwita Kazimoto kwa jina kabla ya saa ile. Hisia hiyo si ukataji tamaa. Ni mwanzo wa wajibu kwa walio hai.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba faraja katika tungo za mauti haitokani na mafunzo yake moja kwa moja, wala na utamu wa lugha peke yake. Inatokana kwanza na uhusiano wa nafsi mbili uliojengwa ndani ya utungo: anayesema na anayesemeshwa. Msomaji huingia katika uhusiano huo na kupata pa kuketi, ama mahali pa Hashima anayeandika, ama mahali pa moyo unaoulizwa. Utungo hauondoi mauti. Unayafanya mauti ya mmoja kuwa ya wengi, kwa maana ile ya methali.

Jambo hili si la kinadharia tu. Mwaka wa 1999 serikali ya Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, na walimu wa Kiswahili walijikuta wakifundisha madarasa yenye mayatima wengi. Baadhi ya wanafunzi hao walisoma Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, riwaya ambayo mhusika wake mkuu anafiwa na mama angali mtoto, na wakatakiwa kueleza wasifu wa wahusika na tamathali za usemi. Ni vigumu kuamini kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwao waliposoma. Mwaka wa 2020, maradhi ya korona yalipoingia, mikusanyiko ya mazishi iliwekewa mipaka, na familia nyingi zilizika bila matanga. Walibora mwenyewe alifariki mwezi wa Aprili mwaka huo. Wasomaji wake wengi hawangeweza kufika kaburini; walichokuwa nacho ni vitabu vyake.

Kutokana na hayo, ufundishaji wa tungo hizi katika shule na vyuo unastahili kuangaliwa upya. Kuorodhesha maadili ya Mwana Kupona na kuacha maradhi yake, au kuhesabu jazanda za Al-Inkishafi na kulipita jina la Ali bin Nasir, ni kuwanyima wanafunzi kile ambacho tungo hizo ziliandikiwa. Mwalimu halazimiki kuwa mshauri wa wafiwa. Inatosha auulize utungo swali moja kabla ya maswali ya mtihani: ni nani anayesemeshwa hapa, na kwa nini aliitwa aje karibu?